Michezo ya watoto iingie kwenye imihigo

Septemba 2025 Kigali iliandaa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, na kwa mara ya kwanza mashindano hayo yakafanyika katika ardhi ya Afrika. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 shule za jiji zilifungwa ili barabara ziachiwe waendesha baiskeli. Wapo walionung'unika, lakini kazi ilifanyika, tena vizuri. Dunia iliona kwamba Rwanda ikiamua kuipa michezo nafasi, nafasi hupatikana: barabara hutengenezwa, askari hupangwa, hata kalenda ya shule husogezwa.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2019 ulifunguliwa ukumbi wa viti 10,000 ambao leo unaitwa BK Arena. Machi 2023 FIFA ilifanya mkutano wake mkuu Kigali. Julai 1, 2024 Uwanja wa Amahoro ulizinduliwa upya ukiwa na viti 45,000. Kuanzia 2018 jina la nchi lilivaliwa na wachezaji wa Arsenal, kisha likafika Paris Saint-Germain, kisha Bayern Munich. Mikataba hiyo ina wanaoitetea na wanaoipinga, na mjadala wake ni mrefu. Linalotosha kusemwa hapa ni kwamba baada ya hayo yote hakuna kiongozi anayeweza kusimama mbele ya wazazi akadai nchi haina uwezo wa kusawazisha kiwanja cha watoto kijijini.

Nkungu ni mojawapo ya tarafa 18 za Wilaya ya Rusizi, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa zamani wa Cyangugu, zaidi ya kilomita 200 kutoka Amahoro. Ni nchi ya vilima na ya wakulima. Mtoto wa huko hucheza, kwa kuwa hakuna mtoto asiyecheza. Hufunga mpira wa majani makavu ya mgomba, huweka mawe mawili yakawa goli, na hukimbia mahali popote ambapo mkubwa hajamfukuza. Katika nchi ya vilima, panapopatikana tambarare hugombewa na shamba, nyumba na ofisi, na katika ugomvi huo mtoto hana wakili. Mchezo wake umeachiwa bahati.

Swali ni moja na ni la kiutawala. Ni nani, kwa cheo chake, anayewajibika kuhakikisha mtoto wa Nkungu anapata mahali pa kuchezea, mtu mzima wa kumsimamia na muda wa kucheza? Wizara ya Elimu ina mtaala. Wizara ya Michezo ina mashirikisho na timu za taifa. Wilaya ina ardhi. Mwalimu mkuu ana ratiba. Kila mmoja ameshika kipande chake, na jumla yake haina mwenyewe. Kipindi cha michezo kisipofundishwa mwaka mzima, hakuna anayeitwa kujieleza. Kiwanja cha shule kikimegwa, hakuna anayepoteza cheo. Hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo halitokani na umaskini.

Faida za kiafya zinajulikana, hazihitaji kupigiwa debe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi ya kutoa jasho kila siku. Utafiti uliochapishwa 2019, uliokusanya takwimu za nchi 146, ulionyesha kwamba vijana 81 katika kila 100 wa umri wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Wapo wanaodhani hilo ni tatizo la watoto wa mjini wanaokaa mbele ya televisheni, na kwamba mtoto wa kijijini anayepanda kilima na dumu la maji kichwani amekwisha kufanya mazoezi ya siku nzima.

Hoja hiyo imewastarehesha wakubwa kwa muda mrefu mno. Kubeba maji ni kazi. Humchosha mtoto bila kumfundisha kulenga, kuruka, kupokea pasi, kukubali uamuzi wa refa au kushindwa bila kupigana. Kazi ya nyumbani ina heshima yake na hakuna anayetaka ifutwe. Lakini kazi hiyo haigawanywi sawa. Mwenye dumu mara nyingi ni msichana, na muda ambao kaka yake anaupata wa kwenda kucheza ndio muda ambao yeye yuko kisimani. Ukihesabu kazi kuwa michezo, umekwisha kumfuta msichana kwenye orodha ya wachezaji kabla mpira haujaguswa.

Kuna hoja nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni njaa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2019–2020 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Mkoa wa Magharibi, uliko Nkungu, ulikuwa miongoni mwa mikoa yenye hali mbaya zaidi. Mtoto aliyekosa lishe katika miaka yake miwili ya mwanzo hatarudishiwa kimo chake na mpira. Anayeahidi hivyo anadanganya. Lakini serikali ilikwisha kuamua kwamba chakula cha mchana shuleni kiwafikie wanafunzi wote, na mpango huo ulipanuliwa 2021. Nchi iliyokubali kulisha mwili wa mtoto shuleni imekubali pia kwamba mwili huo ni jukumu lake. Haiwezi kuulisha saa sita mchana kisha ikausahau hadi kesho yake. Tena mlo huo unarahisisha kazi: mtoto aliyekula anaweza kukimbia alasiri, jambo ambalo miaka ya nyuma lingekuwa ukatili kumtaka alifanye.

Husemwa pia kwamba michezo hujenga tabia njema. Kauli hiyo haipaswi kupita hivi hivi, hasa Rusizi. Historia ya nchi hii imeonyesha kwamba Interahamwe, kundi la wanamgambo la mauaji ya kimbari ya 1994, lilipata sehemu ya mizizi yake katika klabu za soka na starehe za vijana. Vijana walikusanyika, wakaimba pamoja, wakavaa sare, wakamtii kiongozi. Yote ambayo kocha yeyote hujivunia. Na uwanja mkuu wa Rusizi, Kamarampaka, una kumbukumbu yake. Aprili 1994 Watutsi waliokuwa wamekimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa uwanjani humo, baadhi yao wakaitwa kwa majina, wakatolewa na kuuawa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha iliyaeleza hayo katika hukumu yake ya 2004.

Kwa hiyo mpira haumfanyi mtoto kuwa mwema. Anayemfanya hivyo ni mtu mzima aliyesimama kando ya mstari, kwa anachokiruhusu na anachokikataza: nani anachezeshwa na nani anaachwa benchi, mtoto aliyekosa penalti anaambiwa nini, timu ya kilima cha pili inaitwaje. Mtoto wa Nkungu akicheza dhidi ya mtoto wa tarafa ya Nyakabuye au ya Bugarama, anajifunza kwamba mpinzani si adui, ikiwa yupo wa kumfundisha. Asipokuwepo, atajifunza jambo jingine. Hii ndiyo sababu suala la michezo ya watoto haliwezi kumalizwa kwa kugawa mipira. Mipira ni sehemu rahisi, na ndiyo inayopigwa picha.

Wakuu wa shule nao wana la kujitetea, na utetezi wao usikilizwe. Mwalimu mkuu hupimwa kwa matokeo ya mitihani ya taifa ya darasa la sita, ya kidato cha tatu na ya mwisho wa sekondari. Elimu ya viungo na michezo imo katika mtaala unaozingatia umahiri ulioanza 2016, lakini haimo katika mitihani hiyo. Mtu hupanga ratiba yake kwa kile atakachoulizwa. Kipindi cha michezo kinapogeuzwa kuwa kipindi cha hisabati wiki chache kabla ya mtihani, aliyekigeuza ametii mfumo uliomweka pale. Lawama iwafuate waliouandika mfumo huo wakijua utaleta nini.

Tena lipo suala la saa, ambalo halijadiliwi kabisa. Tangu Januari 2023 shule nchini Rwanda huanza saa mbili na nusu asubuhi na kumalizika saa kumi na moja jioni. Badiliko hilo lilitetewa kwa hoja ya usingizi na ya malezi, na hoja hizo zina uzito. Lakini jua huzama saa kumi na mbili na dakika chache. Ondoa mwendo wa kurudi nyumbani kwa miguu, ondoa maji na kuni, na mtoto wa Nkungu haachiwi hata nusu saa ya mwanga. Michezo ya baada ya masomo haiwezekani tena kijijini. Ama ifanyike ndani ya saa za shule, ama isifanyike. Wizara iliyopanga saa hizo ina wajibu wa kusema imechagua lipi kati ya hayo mawili. Watumishi wa umma waliwahi kutengewa alasiri ya Ijumaa kwa ajili ya mazoezi, na wakazi wa Kigali wanatengewa siku za barabara zisizo na magari tangu 2016. Mkubwa alipewa muda kwa amri. Mdogo aliambiwa ajitafutie.

Ardhi ndiyo ngumu kweli. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 480,000 wilayani Rusizi, na nchi nzima watu zaidi ya 500 kwa kila kilomita ya mraba. Mwaka 2020 serikali ilianza kujenga madarasa 22,505 ili kupunguza msongamano, na hakuna mwenye akili anayelaumu ujenzi huo. Ila majengo husimama juu ya ardhi, na ardhi ya shule iliyo wazi mara nyingi ni kiwanja. Wilaya zieleze, shule kwa shule, ni viwanja vingapi vilimegwa na vingapi vimefidiwa. Rusizi ianze, na Nkungu iwemo katika orodha. Hiyo ni kazi ya siku chache kwa ofisa aliye na karatasi na nia. Kama orodha hiyo haipo, kutokuwepo kwake ni jibu tosha.

Mazoea ya fedha nayo yachunguzwe. Wilaya za Rwanda zimezoea kufadhili klabu za soka za watu wazima. Rusizi ina Espoir FC, iliyocheza Ligi Kuu kwa miaka mingi hadi iliposhuka daraja 2023. Watu wanaipenda, na mapenzi hayo hayana ubaya. Lakini mshahara wa mchezaji wa miaka 28 aliyesajiliwa kutoka mbali si huduma kwa mtoto wa mlipa kodi wa Nkungu. Madiwani wanaopitisha bajeti waonyeshe fungu la klabu na fungu la watoto katika ukurasa mmoja, wananchi walinganishe wenyewe. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Wilaya zetu zimezoea kumtunza mgeni.

Kinachotokea nchi inapotafuta mchezaji bila kulea mtoto kinajulikana, na hakina miaka mingi. Januari 2011 Rwanda iliandaa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Timu ya nyumbani ilifika fainali, ikafungwa 2–1 na Burkina Faso, na ikafuzu Kombe la Dunia la umri huo huko Mexico, mara ya kwanza kwa Rwanda kufika Kombe la Dunia la FIFA la ngazi yoyote. Vijana hao walikusanywa, wakatunzwa, hata klabu ya Isonga ikaundwa kuwaweka pamoja. Ilikuwa kazi nzuri kwa kizazi kimoja. Nyuma yao hakukuwa na foleni. Tangu hapo Rwanda haijarudi kwenye Kombe la Dunia la vijana hao.

Miaka mitatu baadaye ikaja aibu. Agosti 2014 CAF iliiondoa Rwanda katika mechi za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015, kwa kumtumia mshambuliaji aliyekuwa na jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa Rwanda, na jina jingine na tarehe nyingine katika klabu yake ya Kinshasa. Congo-Brazzaville, iliyokuwa imefungwa uwanjani, ikasonga mbele mezani. Njia ya mkato iligharimu zaidi ya mashindano yenyewe. Waliokuwa madarakani walijifunza kuchunguza pasipoti. Haijaonekana kwamba walijifunza kuanzia chini.

Siku hizi jibu linalotolewa ni akademia. Paris Saint-Germain imefungua yake Huye, na vijana wake wa chini ya miaka 13 walitwaa kombe la akademia za klabu hiyo mjini Paris 2022. Bayern nayo imekuja na yake. Ni mafanikio ya kweli. Lakini akademia, kwa asili yake, ni chujio: inachukua wachache na kuwarudisha wengi. Sera ya watoto lazima iwahusu wale wengi, ambao hawatalipwa kamwe kwa kupiga mpira, na ambao watakuwa wauguzi, mafundi, walimu na madereva wa malori ya saruji ya Bugarama. Kipimo cha michezo ya watoto ni afya na mwenendo wao wakiwa na miaka 30. Makombe ya miaka 13 hayapimi hilo.

Ushahidi bora zaidi umetoka Rusizi yenyewe. Salima Mukansanga alizaliwa wilayani humo 1988. Januari 2022 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanaume, na mwaka huo huo akawa mmoja wa waamuzi watatu wa kwanza wanawake walioteuliwa kwa Kombe la Dunia la wanaume huko Qatar. Alisomea uuguzi na ukunga. Viongozi wamemsifu, kama inavyostahili. Lakini yeye mwenyewe amewahi kueleza kwamba mchezo alioupenda tangu awali ulikuwa mpira wa kikapu, na kwamba viwanja na makocha wa mchezo huo vilikuwa vigumu kupatikana. Uamuzi wa soka aliufikia kwa kukosa alichokitaka.

Hadithi hiyo husimuliwa kama ushindi wa jitihada. Isomwe pia kama mashtaka. Mmoja alikosa mlango akapata dirisha. Wasichana wa rika lake katika vilima vilevile waliokosa vyote viwili hawajulikani, na hakuna ofisi iliyowahi kuwahesabu. Msichana anahitaji kiwanja kilicho karibu na macho ya watu, mavazi yanayomruhusu kukimbia, maji na chumba cha kujisitiri siku za hedhi, na mzazi aliyeelezwa. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Wanaodhani haya ni ya nchi tajiri tu watazame Iceland, nchi ambayo watu wake wote ni wachache kuliko wakazi wa Rusizi. Mwaka 1998, vijana 42 katika kila 100 wa miaka 15 na 16 nchini humo walisema walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Kufikia 2016 walikuwa 5. Michezo haikufanya hayo peke yake; sheria za pombe zilikazwa na wazazi wakawekeana ahadi za kuwaangalia watoto. Lakini serikali za mitaa zililipa sehemu ya gharama za kila mtoto kushiriki mchezo au sanaa, na walioshika filimbi walikuwa makocha waliofunzwa. Nchi hiyo ndogo ilifika Kombe la Dunia la 2018. Hilo lilikuja kama ziada. Utajiri wao hauigiki. Uamuzi wao wa kumhesabu kila mtoto, mwaka hata mwaka, unaigika kesho asubuhi.

Karibu zaidi na nyumbani, Tanzania iliwahi kuifuta michezo ya shule mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa madai kwamba inavuruga masomo, kisha ikalazimika kuirejesha, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Waliopoteza ni watoto waliokuwa shuleni katika kipindi hicho, ambao hawakuulizwa. Rwanda haijafuta chochote kwa tamko. Imeacha tu kifutike, jambo ambalo halina hata mtu wa kulaumiwa.

Na pale watoto wanapokusanywa, ulinzi wao utangulie. Mwishoni mwa 2021 ilifichuka kashfa ya unyanyasaji wa kingono wa watoto katika soka la Gabon, na katika mwaka huo huo kashfa nyingine ikafichuka katika mpira wa kikapu nchini Mali. Katika nchi zote mbili, kocha mwenye uwezo wa kumteua mtoto alikuwa na uwezo wa kumnyamazisha. Hakuna sababu ya kudhani kwamba vilima vya Rusizi vina kinga. Yeyote anayekabidhiwa watoto, awe mwalimu, kijana wa kujitolea au mtu wa dini, aandikishwe, achunguzwe, na asikae peke yake na mtoto. Mzazi ajulishwe ni wapi pa kulalamika pasipo kupitia kwa kocha huyo huyo.

Yanayopaswa kufanywa hayahitaji tume wala semina. Wizara ya Elimu itenge saa za michezo ndani ya ratiba, kwa kila darasa, na wakaguzi waziulizie kama wanavyoulizia hisabati. Shule iliyozigeuza iandikwe hivyo katika ripoti. Wizara ya Michezo, iliyobadilishiwa waziri mara mbili katika 2024 peke yake, iache kupimwa kwa mashindano inayoyapokea Kigali, na ianze kupimwa pia kwa idadi ya walimu wa michezo iliowafunza nje ya Kigali. Mfumo wa kufika vijijini upo tayari: Kombe la Kagame la mirenge (tarafa) hufika kila tarafa ya nchi, Nkungu ikiwemo, kwa wachezaji wakubwa. Barabara hiyo hiyo ipitishwe watoto, bila vikombe wala jedwali la washindi kwa walio chini ya miaka 11. Norway inafanya hivyo kwa kanuni, na hakuna nchi iliyopata medali nyingi kuliko yenyewe katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018.

Wilaya ndiyo ibebe mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu ardhi iko mkononi mwake. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi umekwisha kujenga barabara, madarasa na mifereji. Hauwezi kushindwa kusawazisha kipande cha ardhi cha mita 60 kwa 40 katika kila kata ya Nkungu. Kikishasawazishwa kiandikwe kwenye ramani ya matumizi ya ardhi, ili mwaka wa tatu asije mtu na hati ya ujenzi. Kiwanja kisicho na hati ni shamba la kesho.

Rwanda ina chombo ambacho majirani zake wengi hawana. Kila mwaka meya hutia saini imihigo, yaani mkataba wa utendaji, mbele ya Rais wa Jamhuri, akiahidi kwa tarakimu kile atakachotekeleza, kisha hupimwa, alama hutangazwa, na wanaoshindwa huaibika hadharani. Barabara zimo, mavuno yamo, bima ya afya imo. Michezo ya watoto nayo iwekwe humo kwa tarakimu zilezile: viwanja vingapi vyenye hati, walimu wangapi waliofunzwa na kuchunguzwa, watoto wangapi wanaocheza kila wiki, na wasichana ni wangapi kati yao. Ahadi isiyo na tarakimu ikataliwe na anayetiliwa saini.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Wazazi wa Nkungu waombe kuusoma mkataba wa meya wao, wakitafuta ndani yake jina la tarafa yao na idadi ya viwanja. Wasipoviona, wamuulize diwani wao katika mkutano wa kijiji, na jibu lake liandikwe kwenye kumbukumbu.